Kilio Kilichotangulia

Papa alisikia kilio chake mwenyewe kwa simu, akiwa mezani kwake Ganshoren, mtaa wa Brussels, tonge la bukari, ugali wa kwao, mkononi. Kule Lubumbashi wanawake walikuwa wamekaa chini kwenye mikeka wakimlia kwa jina lake. Wanaume walikuwa wamepanga viti uani chini ya turubai, na matawi ya mchikichi yalikuwa yamefungwa langoni ili mpita njia ajue kwamba nyumba ile ina msiba. Marehemu alikuwa anatafuna.

Nikiwasimulia watu wa kwetu Tanzania huniuliza kama nimetia chumvi. Sikutia. Nilikuwa nimekaa upande wa pili wa meza ile ile. Lakini kisa hiki hakieleweki kikianzia mezani, kwa hiyo nirudi nyuma.

Nilikuwa mpangaji wao. Nilifika Brussels miaka ya mwanzo ya elfu mbili kusoma, nikabaki kwa kazi ya kuandika taarifa fupi za Kiswahili kwa ajili ya redio, na chumba nilichopata kilikuwa juu kabisa ya nyumba nyembamba iliyobanwa kati ya nyumba nyingine nyembamba, chini ya paa. Wenye nyumba walikuwa mume na mke kutoka Lubumbashi, niliowaita Papa na Maman. Papa alikuwa ameendesha tramu mpaka akastaafu. Maman alikuwa bado anafanya kazi katika nyumba ya wazee, akiwaogesha na kuwalisha. Hawakujaliwa mtoto, ndiyo maana ghorofa ya juu ilikuwa na mtu kama mimi.

Papa alipenda kunichokoza kwa lugha. Nikisema "samahani, naomba kupita," alisimama mlangoni kwa makusudi na kumwambia mkewe, "Sikia huyu Mutanzania. Kiswahili yake inavaa cravate," yaani tai. Mimi nilimjibu kwamba chake kimetoka kitandani bila kuoga. Tuliishi vizuri.

Ugonjwa ulianza kama kikohozi cha mtu aliyepaliwa. Baadaye akawa anapumzika katikati ya ngazi, halafu mwanzo wa ngazi, halafu ngazi zikawa zangu peke yangu. Daktari bingwa alimwambia kwamba mapafu yake yanageuka makovu, sehemu baada ya sehemu, na kwamba hakuna dawa ya kuyarudisha yalivyokuwa. Wakamletea mashine ya hewa iliyokaa ukumbini ikinguruma mchana na usiku. Bomba lake refu jembamba lilimfuata kila alikokwenda, kutoka sebuleni hadi jikoni, na Maman alijifunza kuliruka akiwa na sufuria mkononi. Papa aliiita mashine ile mbuzi, kwa kuwa mmoja kati yao alikuwa amefungwa kamba, ingawa haikuwa wazi ni yupi.

Kilichomtisha hakikuwa kufa. Baba yake alikuwa amefanya kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba, naye alikufa kwa mapafu. Papa na mdogo wake walimshika baba yao, mmoja kila upande, siku zote alizokuwa akitafuta hewa bila kuipata. Papa alinisimulia hayo mara moja tu, akiwa anamenya viazi ili mikono yake iwe na kazi. Akamaliza kwa kusema: "Mi siombi kufa. Kufa iko inakuja yenyewe. Naomba tu isinikabe mu shingo."

Ubelgiji, tangu mwanzo wa miaka ile ya elfu mbili, sheria inamruhusu daktari kumsaidia mgonjwa kufa, lakini si kila anayetaka. Mgonjwa awe na akili timamu na aombe mwenyewe, si mara moja, bila kusukumwa na mtu. Ugonjwa wake uwe hauponyeki, na mateso yake yawe hayavumiliki wala hayatulizwi. Daktari wa pili lazima athibitishe. Na kama kifo hakiko karibu, huitwa daktari wa tatu, kisha watu wote husubiri ili ombi lipoe, waone kama bado ni lile lile. Nilikuwa nimeyasoma hayo kwa ajili ya kazi. Kuyaona yakiingia kwa mlango wa mbele na kuvua koti ni jambo jingine.

Daktari wake wa kawaida alikuwa mwanamke wa Kiflemi aliyekuja kwa baiskeli, akiwa na mkoba mgongoni kama mwanafunzi. Hakumjibu Papa siku ile ile. Alimuuliza maswali, akarudi wiki iliyofuata akauliza tena yale yale, mpaka Papa akalalamika kwamba anafanyiwa mtihani wa darasa moja mara mbili. Halafu alikuja daktari wa pili, mwanamume asiyewajua kabisa, na kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kumwomba Maman atoke sebuleni. Alitaka kumsikia mgonjwa peke yake, ahakikishe kwamba hakuna anayemsukuma.

Maman alikuja jikoni nilikokuwa, akafunga mlango kwa upole uliotisha.

"Ananitoa mu salon yangu," alisema. "Kama mutoto mwenye kuiba sukari."

Nilimweleza kwamba sheria inamlinda Papa. Akasema anajua sheria inamlinda Papa, lakini dhidi ya nani, kama humo ndani wako yeye na mimi tu? Hakuwa mjinga wa jambo hili. Katika kazi yake alikuwa ameona wazee wakiomba kwenda, na aliweza kuwagawa: kuna waliokuwa na maumivu, na kuna waliosema wana maumivu kwa sababu watoto wao huja Krismasi wakiwa na haraka. Hao wa pili, alisema, hawaombi kufa. Wanaomba msamaha kwa kuchelewa. Kilichomkosesha amani ni kwamba siku nyingine hakuweza kusema mumewe yuko upande gani. Alikuwa anarudi kazini amechoka, anaanza kazi nyingine nyumbani, na Papa alikuwa na macho.

Kwa hiyo daktari wa pili alipoondoka, Maman aliingia sebuleni na kunivuta mimi kuwa shahidi.

"Bon. Uniambie mbele ya huyu Mutanzania. Unaomba ile kintu juu ya maumivu yako, ao juu mi nachoka?"

Papa alitafuta pumzi kwanza. "Wewe unachoka tangu siku nilikuoa. Kama ni juu ya ile, ningelikufa zamani."

Maman alicheka, akalia, akaenda kupika. Hakuuliza tena.

Jirani yetu aliyekuwa ng'ambo ya ua wa nyuma alikuwa mjane wa Kibelgiji, mzee kuliko Papa, mwenye miguu mizuri na moyo ambao daktari aliusifu. Alikuwa amemzika mume, kisha mwanawe. Naye alikuwa ameomba, kwa daktari yule yule wa baiskeli, na alikataliwa: kuchoka na kuishi si ugonjwa. Aliposikia kwamba Papa amekubaliwa, alimpongeza juu ya ua kama mtu anayempongeza mwenzake kwa kupata nyumba. Papa alirudi ndani amenuna. Alisema mama yule hana ugonjwa, ana nyumba yenye kimya. Nikamuuliza kimya si mateso? Nani anapima? Akasema nimwachie apumzike, mimi na maswali yangu ya redio. Lakini baada ya hapo, Maman akipika Jumamosi, alimpelekea yule mjane mwaliko juu ya ua, na mjane alikuja, akala pilipili mpaka machozi yakamtoka, akashukuru. Jumatatu alikwenda tena kwa daktari kuomba. Sitaki kusema kwamba chakula kilimponya mtu.

Basi madaktari walikuwa wamekubali, na mtu angedhani Papa amepata alichotaka. Hakuwa amepata. Alikuwa na jambo jingine, na ndilo lililomnyima usingizi kuliko mapafu.

Kwao, mtu aliyejiua hafanyiwi kilio. Huzikwa upesi, watu wachache, bila viti, bila nyimbo, na jina lake halipewi mtoto. Papa alitaka kujua yeye atahesabiwa wapi. Alikuwa ameimba sauti ya besi miaka mingi katika kwaya ya Wakongo waliokuwa wakikusanyika mtaa wa Molenbeek, na alimwuliza kiongozi wao, mwanamke mwenye busara, kama kwaya itakuja kumzika. Alijibiwa kwamba wataona padri atakavyosema. Papa aliyajua majibu ya namna hiyo. Alikuwa ameyatoa mwenyewe alipokuwa katika kamati.

Lakini kwaya ilikuwa jambo dogo. Jambo kubwa lilikuwa mdogo wake wa Lubumbashi, yule aliyemshika baba upande wa pili. Kutokana na kifo kile kimoja, wawili hawa walikuwa wametoka na masomo mawili. Papa alikumbuka baba akikabwa. Mdogo wake alikumbuka kwamba katika siku zile zile baba aliwaita watu aliogombana nao, akapatana na ndugu yake ambaye hawakuwa wakisemeshana, na akawabariki vijana wake kila mmoja kwa kichwa chake. Siku zile hazikuwa takataka, alisema mdogo mtu. Ukizikata, umekata na yaliyomo ndani yake. Papa alipompigia kumweleza nia yake, simu ikiwa imewekwa sauti ili Maman asikie, tulisikia sote:

"Muntu mwenye kupanga siku yake ya kufa, mi siendi ku kilio yake."

Kisha simu ikakatika, na safari hii hakuna aliyelaumu mtandao.

Hawakuzungumza tena. Siku ilipopangwa, Alhamisi moja ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, Papa alimpigia dada yao mkubwa. Tulijadiliana kwanza kama ni busara. Maman alisema huwezi kuwaficha watu wa damu siku kama ile, kwamba mtu anayeaga lazima aage. Hivyo dada mkubwa akapewa siku na saa, akaaga kwa machozi, akabariki. Tulidhani tumemaliza jambo. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba kwa watu wale habari ya kifo haijawahi kufika kabla ya kifo chenyewe. Mila yao inajua kufanya jambo moja habari ikifika, na habari ilikuwa imefika.

Asubuhi ile Papa alinyolewa na Maman, akavaa shati jeupe na kukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mahali ambapo mtu akiinamisha kichwa kidogo anaona kuba la kijani la kanisa kubwa. Jikoni kulikuwa na sombe, yaani kisamvu, samaki wadogo na unga tayari kwa bukari, kwa ajili ya watu watakaokuja baadaye kumpa Maman pole. Nyumba ilinukia kama sikukuu, na hilo lilimfedhehesha Maman kidogo. Mimi nilikuwa nimeomba ruhusa kazini. Nilikaa ngazini, nikihesabu nakshi za karatasi ya ukutani, sina hakika kama ninapaswa kuwa ndani au nje.

Daktari alifika, akaegemeza baiskeli, akasalimia. Hakufungua mkoba. Alivuta kiti akakaa uso kwa uso na Papa, magoti yakikaribiana, akamwuliza kwa Kifaransa swali ambalo alikuwa amemwuliza mara zote, kama bado anataka, kisha akaongeza kwamba anaweza kusema hapana, leo, kesho, wakati wowote, na hakuna atakayemkasirikia.

Papa alilitazama kuba dirishani. Mbuzi alinguruma ukumbini. Halafu akasema, naye kwa Kifaransa, kwamba asubuhi hii kifua si kibaya sana. Na kwamba jikoni kuna kitu kinanukia.

"Leo hapana, docteur," alisema. "Inawezekana?"

Nilimwona daktari uso. Nilikuwa nimedhani madaktari wa kazi ile wana moyo uliokauka, au angalau nidhamu inayofanana na hiyo. Alifumba macho na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo ambao hakutaka aonekane ameubeba. Akasema inawezekana kabisa. Akaomba kahawa.

Maman alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha sahani. Aliingia jikoni, nikasikia maji ya bukari yakichemka na mwiko ukianza kazi, kwa nguvu kuliko unga ulivyohitaji.

Kwa hiyo tulikaa kula chakula cha wafiwa, na mfiwa hakuwapo. Hata daktari alipewa sahani, akala kwa uma, kidogo kidogo. Mlango wa nyuma ukagongwa, akaingia mjane wa jirani akiwa na gauni jeusi na maua, amekuja kumpa Maman pole. Alimkuta Papa anachagua samaki. Alisimama, akamtazama daktari, akamtazama Papa.

"Mimi ningesema ndiyo," alisema.

Daktari hakuinua macho. Maman alimvutia kiti.

Ni Papa aliyekumbuka. Alisimamisha tonge njiani akasema, "Na bale ba Lubumbashi? Nani aliwaambia?" Maman alidhani nimewaambia mimi kwamba siku imeahirishwa. Mimi nilidhani ni Maman. Tuligeukia saa ya ukutani. Mwezi wa tano, saa ya Brussels na ya Lubumbashi ni moja, na saa nne ilikuwa imepita zamani.

Maman alipiga namba ya dada mkubwa, akaweka simu mezani kati ya sahani, sauti juu. Kabla hata mtu hajasema alo, tulisikia. Sijui nielezeje kwa msomaji ambaye hajawahi kusikia kilio cha Katanga, mkoa wa kwao. Si mtu mmoja analia. Ni sauti moja ya wanawake wengi, inapanda na kushuka pamoja, na juu yake mmoja anamwita marehemu kwa majina yake yote na kumwuliza maswali: umetuachia nani, nani atatupigia simu Jumapili, mbona ulikwenda kufa kwenye baridi. Daktari aliniinamia akaniuliza taratibu kama wanalia kwa sababu hakufa. Nikamwambia hapana, hawajajua.

Halafu sauti ya mwanamume, karibu, nzito, kama ya mtu aliyekuwa akilia naye.

"Alo."

Papa aliijua. Tonge likarudi sahanini.

"Alo. Ni mi."

"Mi nani?"

"Yaya yako." Kwao yaya si mlezi wa watoto, ni ndugu mkubwa.

Nyuma yake wanawake walipandisha sauti.

"Yaya yangu alikufa leo à dix heures," yaani saa nne.

"Alors, anakula bukari."

"Wee. Uko wapi?"

"Ku meza."

"Ku meza ya wapi?"

"Ya Ganshoren. Ungetaka iwe ya wapi?"

Tulisikia kiti kikianguka. Maman alikuwa amejifunika mdomo na kile kitambaa. Mdogo mtu alianza kusema mambo mengi kwa pamoja: kwamba watu wa mji wa Likasi wamesafiri, kwamba turubai limeshafungwa, kwamba wanafanywa wapumbavu, kwamba mtu akishasema jeudi, Alhamisi, ni jeudi. Papa alimwacha amalize. Pumzi ilikuwa inamsumbua sasa, lakini alikuwa na swali lake, na nadhani alikuwa nalo tangu siku simu ilipokatwa.

"Na wewe," alisema, "unafanya nini kule? Ulisema hautafika."

"Nilipita tu."

"Ulipita. Na kile kiti chenye kuanguka, ni nani alikikalia?"

Wanawake waliendelea, hawajajua lolote. Papa aliinama juu ya simu, bomba la hewa likagusa sombe, na hakuna aliyeliondoa.

"Usibaambie bado," alisema. "Waache balie kidogo. Nasikiliza."

Na mdogo wake akawaacha walie. Sikupima ilikuwa muda gani. Papa alisikiliza ameelekeza sikio moja, kama alivyokuwa akisikiliza kwaya kutafuta anayekosea. Wakati mmoja alitaja jina la mwanamke, akasema, huyu naye alikuja, tuligombana juu ya kiwanja. Machozi yalimtoka bila kukunja uso. Mjane wa jirani, ambaye hakuelewa neno hata moja, alikuwa ameweka uma chini na mikono mapajani, kama yuko kanisani.

Iliishaje, tulisimuliwa baadaye. Dada mkubwa alinyang'anya simu, akamsikia ndugu yake akipumua, akapiga yowe la namna nyingine kabisa. Kumlia mtu aliye hai ni kumwita kaburini, kwa hiyo aliamuru matawi yang'olewe langoni papo hapo, na wanawake waliokuwa chini wasimame, wajifunge kanga upya, watoke nje na kurudi ndani wakiwa wageni. Chakula hakikutupwa. Walikula kama kwenye harusi, na inasemekana jioni walicheza.

Tangu siku ile Papa hakuuliza tena habari ya kwaya. Alilala. Maman aliniambia kwamba anakoroma kama zamani, akasema kama mtu anayesengenya, lakini alikuwa akitabasamu. Ruhusa ya daktari ilikuwa pale pale, kama mlango usiofungwa kwa ufunguo, na kwa kuwa haukufungwa hakuwa na haraka ya kuupita. Aliishi kiangazi kizima. Alikaa bustanini na mbuzi wake akiwa ndani na bomba likipita dirishani, akabishana na mjane juu ya ua. Mara moja, bila mimi kumwuliza, alisema tu, "Alikuja," na nikajua anamsema nani.

Vuli ilipofika hewa haikumtosha hata kwa sentensi. Safari hii alisema Lubumbashi wasiambiwe siku, wapewe habari baadaye kama watu wote duniani. Daktari alikaa tena magoti kwa magoti na kuuliza tena, na Papa alisema ndiyo, kwa sauti ndogo lakini isiyotetemeka. Maman alimshika mkono mmoja. Yalipokwisha, Maman mwenyewe ndiye aliyemtoa bomba puani na kwenda ukumbini kuizima mashine. Nyumba ikawa na kimya nilichokuwa nimekisahau. Nilitazama uso wa Papa nikiwa na shaka zangu zote, na sikuona mahali palipokabwa.

Kwaya ilikuja. Hawakuvaa sare, walivaa nguo za kawaida, ili kila mtu aweze kusema amekuja kwa nafsi yake. Waliimba nyimbo zote, na besi ilikuwa na pengo.

Lubumbashi pia walifunga turubai mara ya pili, baada ya dada mkubwa kumtaka Maman aape kwamba kweli safari hii ni kweli. Watu walijaa. Mdogo mtu hakufika.

Nilimpigia mimi, siku chache baadaye, kwa kisingizio cha pole. Hakukasirika. Nilimwuliza kama alikataa kwa sababu ya jinsi kaka yake alivyokufa.

"Nilimulia," alisema. "Mwezi wa tano nilimulia na sauti yangu yote. Muntu mumoja, kilio moja."

Dada yao anasema ni kichwa kigumu, kwamba alisema hataenda na hakwenda, na ile ya kwanza haihesabiki kwa kuwa hapakuwa na maiti. Wengine wanasema aliona aibu, maana watu walimcheka mtaani kwa kumlia mtu anayekula. Maman anasema alikwisha samehe, na mtu hasamehe mara mbili. Nimewauliza wote, kama ilivyo tabia yangu, na kila mmoja ana uhakika.

Ninachokijua ni hiki. Mwezi wa kumi na moja, siku aliyokufa Papa, mdogo wake hapigi simu. Hupiga mwezi wa tano, tarehe ya ile Alhamisi ya kilio cha kwanza, kila mwaka. Humuuliza Maman hali, humuuliza kama kaburi limewekwa maua. Mwaka jana Maman alimwuliza waziwazi kwa nini siku hii na si ile nyingine. Akajibu kwamba hasikii vizuri, mvua inanyesha sana kwenye bati. Lubumbashi, mwezi wa tano, mvua hainyeshi.